Kushika Usukani wa Lori Baada ya Miaka Arobaini

Kiwanda kimepunguza wafanyakazi, au duka halirudishi hata kodi ya fremu, au mkataba wa kufundisha shule binafsi umekwisha na hakuna aliyepiga simu. Umri umevuka arobaini, watoto bado wanasoma, na mtaani kwenu dereva wa semi anayekwenda Kongo ndiye anayeonekana akipandisha ukuta wa nyumba yake. Wazo linakuja lenyewe: kwa nini na mimi nisishike usukani?

Inawezekana, na mwongozo huu ni kwa ajili ya Mtanzania anayelifikiria jambo hilo kwa dhati, awe mwanamume au mwanamke. Kuna jambo moja nalisema mapema kwa sababu mengine yote yanalizunguka. Kijana wa miaka ishirini na tano atakushinda kwa macho, kwa mgongo na kwa kukesha. Wewe utamshinda kwa uamuzi wa kusimama: kusimama breki zinaponuka, kusimama usingizi unapoingia, na kusimama mbele ya bosi ukamwambia kwamba gari hili haliondoki likiwa hivi. Lori lenye tani hamsini ni rahisi kuliondoa na gumu kulisimamisha, na mwajiri mwenye akili anamtafuta mtu anayelielewa hilo. Huo ndio mtaji wa umri wako, na kila hatua utakayoisoma hapa imewekwa ili kuulinda.

Ijue kazi kabla ya kuaga ya sasa

Bandari ya Dar es Salaam inahudumia Zambia, Kongo, Malawi, Rwanda, Burundi na Uganda, na mzigo mwingi wa nchi hizo hupita barabarani. Njia kubwa ni mbili, na zote zinapitia Chalinze na Morogoro. Ya kwanza inapanda Iringa, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, inaingia Zambia, na kwa wanaokwenda Lubumbashi na Kolwezi inaendelea mpaka Kasumbalesa. Ya pili inapita Dodoma, Singida, Nzega na Kahama kuelekea Rusumo kwa wanaokwenda Rwanda, au Kabanga kwa wanaokwenda Burundi.

Watu wakiwaza udereva wa malori huziwaza njia hizo tu. Lakini kuna saruji inayotoka Wazo, Tanga na Mtwara, kuna mahindi yanayokwenda soko la Kibaigwa, kuna mbao za Mafinga, kuna mchanga, kokoto, soda na bia zinazosambazwa mikoani. Kazi hizo za ndani hazina posho nono kama za Kongo, lakini nyingi zinakurudisha nyumbani baada ya siku chache. Kwa mtu mwenye familia na mwili uliokwisha kuzoea kitanda chake, hilo ni jambo la kupimwa kwa uzito uleule unaoupimia mshahara.

Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, nenda ukakae na madereva wanakolaza magari, kama Chalinze, Makambako au Tunduma. Usiwaulize kama kazi inalipa, maana kila mtu atajibu kulingana na siku yake. Waulize mambo matatu: safari yako ya mwisho ilichukua siku ngapi tangu kupakia hadi kurudi, ulisimama siku ngapi ukisubiri mpakani au kwa mteja, na mkononi ulibakiwa na nini. Ukiwauliza watu kumi utaanza kuona picha. Halafu ukipata mwenye gari anayekuamini, omba kwenda safari moja kama utingo. Utafunga turubai, utasukuma tairi, utalala kwenye gari na kuamshwa saa nane za usiku foleni inaposogea. Safari hiyo itakufundisha kuhusu nafsi yako kuliko kozi yoyote.

Daktari kwanza, chuo baadaye

Ada ya chuo hairudishwi, kwa hiyo anza hospitali. Pima macho kwa mtaalamu. Baada ya miaka arobaini watu wengi huanza kuhangaika na maandishi ya karibu, lakini kwa dereva tatizo kubwa zaidi ni usiku, mwanga wa taa za gari linalokuja unapochukua muda mrefu kutoka machoni. Mwambie daktari wazi kwamba unataka kuendesha lori usiku ili akupime kwa ajili hiyo. Kama unahitaji miwani, tengeneza miwili, mmoja ukae kwenye gari.

Pima shinikizo la damu na sukari. Magonjwa hayo hayakuzuii moja kwa moja kufanya kazi, lakini lazima yadhibitiwe kabla ya safari ya kwanza, na dawa zako ziwe za kutosha safari nzima pamoja na siku za kusubiri mpakani. Kama unatumia insulini au dawa zinazoweza kuishusha sukari ghafla, mwombe daktari akueleze hatari yake ukiwa kwenye usukani na ulikubali jibu lake. Mweleze pia kama mwenzako analalamika kwamba unakoroma sana na pumzi inakatika usingizini. Mtu wa namna hiyo huamka amechoka hata akilala kwa saa nane nzima, na mchana atasinzia bila kujua.

Kisha mgongo na magoti. Kiti cha lori hutikisa mwili kwa saa nyingi. Jifunze kukirekebisha mpaka magoti yawe yamekunjika kidogo na mgongo wote uguse kiti. Na usiruke kutoka kwenye kabini. Shuka ukiwa umelitazama gari, mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, vikiwa vimeshika wakati wote. Kijana akiruka akateguka, atakaa wiki moja. Mtu wa miaka hamsini akivunjika kisigino, msimu wote umekwenda.

Leseni na mafunzo

Leseni ya magari mazito ya mizigo Tanzania ni daraja E. Hulifikii kwa mruko mmoja. Unaanza na leseni ya kujifunzia, unapata daraja D la magari ya kawaida, unalitumia kwa kipindi kinachotakiwa, kisha unasoma na kupimwa kwa magari makubwa. Kama una daraja D la miaka mingi kwa sababu ulikuwa na gari lako au la ofisi, umeshatembea sehemu kubwa ya njia. Kama huna leseni kabisa, hesabu miaka mbele na usiache kazi uliyonayo kwa matumaini ya kuwa dereva wa semi mwaka huu.

Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kilichoko Mabibo jijini Dar es Salaam, kina kozi ya madereva wa magari makubwa ya mizigo. VETA nao wanafundisha udereva katika vyuo vyao. Kampuni nyingi zinazojiheshimu zitakuuliza cheti chako kimetoka wapi kabla hazijauliza kitu kingine. Anayekupima ni mkaguzi wa magari wa Polisi, na kadi ya leseni inatolewa na TRA.

Utakutana na mtu atakayekuambia kwamba yote hayo yanaweza kupatikana kwa wiki moja ukitoa hela. Mkatalie. Leseni ya kununua huonekana siku ya majaribio pale yadi, unapoambiwa urudishe tela nyuma kati ya magari mawili. Na isipoonekana hapo, itaonekana mlimani.

Andaa pia vitu ambavyo waajiri huviomba: barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, kitambulisho cha NIDA, cheti cha tabia njema cha Polisi na wadhamini wawili. Hapa umri unakusaidia. Umeishi mtaani miaka ishirini, mwenyekiti anakujua, na unaye mtu mwenye kazi na nyumba atakayekudhamini bila kusitasita.

Anzia kenta, uende Fuso, ndipo semi

Kosa kubwa la mtu mzima mwenye haraka ni kutaka kuanza na semi. Anza na kenta ya kusambaza bidhaa mjini, ujifunze kupakia, kuhesabu mzigo, kusaini nyaraka na kuingia kwenye mageti finyu. Kisha Fuso, ambalo litakufundisha uzito, milima na barabara za vumbi. Baada ya hapo tela halitakuwa mwujiza, litakuwa ngazi inayofuata.

Katika ngazi hizo za mwanzo utaelekezwa na watu wenye umri wa watoto wako. Utingo wa miaka ishirini na mbili atakuonyesha jinsi ya kufunga kamba, na dereva wa miaka thelathini atakuita mzee huku akikusahihisha. Sikiliza. Kwenye gari mwenye heshima ni anayejua, na ukionyesha kwamba unafundishika, hao vijana ndio watakaokutaja kampuni inapotafuta mtu. Utingo mwenyewe mtunze: kula naye, mwache alale, mfundishe unachokijua. Ndiye macho yako upande wa kushoto.

Breki, tela na mizani

Breki za lori ni za upepo. Kompresa inajaza matangi, na upepo huo ndio unaobana breki unapokanyaga. Kwa hiyo hatua ya kwanza asubuhi ni kuwasha gari na kusubiri geji zipande, kisha kuzima na kusikiliza kama kuna mlio wa kuvuja kwenye mipira kati ya kichwa na tela. Upepo ukishuka sana, springi za breki hujibana zenyewe na gari linakwama. Lilipo ndipo litabaki, hata kama ni katikati ya reli. Mwaga maji yanayojikusanya ndani ya matangi ya upepo mara kwa mara kama fundi atakavyokuelekeza.

Mteremko ndio mtihani. Chagua gia ndogo ukiwa bado juu, kabla gari halijaanza kukimbia. Tumia breki ya injini ikushikilie, na breki ya mguu ikanyage kwa nguvu kwa muda mfupi kisha iachie ipoe. Ukiikanyaga mfululizo, ngoma za breki zinapata moto, na breki yenye moto mkali haishiki hata ukisimama juu ya pedeli. Ukiipampu harakaharaka unamaliza upepo. Na usiweke gari nyutro kwenye mteremko kwa ajili ya kubana mafuta. Wanaofanya hivyo wanacheza na roho za watu walioko mbele yao.

Ijue milima ya njia yako kwa jina. Kitonga, mkoani Iringa, unaupanda unapokwenda na mzigo wa bandarini, na unaushuka ukirudi na shaba ya Kongo, kwa hiyo hatari yake kubwa inakungoja safari ya kurudi, ukiwa umechoka na una hamu ya nyumbani. Njia ile ya pili ina Sekenke, mkoani Singida. Mbeya ina miteremko inayoingia Mbalizi, mahali penye watu, bajaji na wafanyabiashara kandokando ya barabara. Kabla ya kila mteremko wa namna hiyo simama, zunguka gari, gusa hewa karibu na magurudumu usikie joto, kunywa maji, ndipo ushuke. Dakika kumi hazijawahi kuchelewesha meli.

Kurudisha tela nyuma kunataka subira. Ukizungusha usukani kulia, nyuma ya tela inakwenda kushoto. Zungusha kidogo, nenda polepole, na ukianza kupoteza picha ya kilichoko nyuma, simama ushuke ukaangalie. Hakuna aibu kushuka mara tatu. Wanaojifunzia ukubwani mara nyingi hulipata somo hili vizuri kwa sababu hawana mtu wa kumwonyesha ufundi.

Mzigo nao una tabia zake. Tanki la mafuta lililojaa nusu linakusukuma unapofunga breki na kukuvuta kwenye kona, kwa sababu kimiminika kinatembea. Kontena lisilofungwa loki zake nne linaweza kuachana na tela kwenye kona. Mzigo wa kichele, yaani usiofungashwa, ukilowa mvua unaongezeka uzito, na mizani haitakuuliza kama ni maji.

Kuhusu mizani, hesabu yake itunze kichwani. Kwa sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya udhibiti wa uzito wa magari, ekseli ya mbele yenye matairi mawili inaruhusiwa tani 8, ekseli mbili za pamoja zenye matairi manane tani 18, na ekseli tatu za pamoja zenye matairi kumi na mawili tani 24. Jumlisha: semi ya kawaida ya ekseli sita inaishia tani 50, gari na mzigo pamoja. Ukomo wa juu kabisa ni tani 56. Unaweza kuwa chini ya jumla hiyo na bado ukakamatwa kwa sababu mzigo umelalia upande mmoja na ekseli moja imezidi. Kwa hiyo simama pale unapopakiwa, uone mzigo unavyopangwa, na useme mapema. Ukifika kwenye mizani ya Vigwaza au Mikese umechelewa.

Mipakani

Safari za nje zinahitaji pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo tangu mwaka 2016 inatambulika kwa maisha yote, ila cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa, basi usisubiri hadi siku ya kupakia. Gari lenyewe linahitaji kadi yake, leseni ya LATRA, bima inayovuka mpaka na nyaraka za forodha za mzigo. Kabla ya kuondoka linganisha namba ya kontena na namba ya lakiri na zile zilizoandikwa kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Tarakimu moja iliyokosewa inaweza kukulaza Tunduma siku kadhaa.

Zambia wanaendesha kushoto kama sisi. Ukivuka Kasumbalesa kuingia Kongo, au Rusumo kuingia Rwanda, au ukaingia Burundi, unahamia kulia. Mchana wenye magari mengi hutasahau, kwa sababu utawafuata wengine. Hatari iko alfajiri, unapotoka maegesho na barabara ni tupu, mazoea ya miaka arobaini yanapokurudisha kushoto. Hatari nyingine ni kulipita gari lililo mbele, kwa kuwa usukani wako uko kulia na huoni kinachokuja. Huko acha kuyapita magari mengine isipokuwa utingo ameona na kusema.

Lubumbashi utaelewana na watu kwa Kiswahili, lakini karatasi ni za Kifaransa. Zambia, polisi na forodha wanatumia Kiingereza. Jifunze maneno ya kazi: uzito, faini, risiti, breki, mzigo, hospitali. Na kila unapolipa, omba risiti.

Usingizi hauna ushujaa

Magari ya zaidi ya tani tatu na nusu yanaruhusiwa kilomita 80 kwa saa nje ya makazi, na 50 ndani yake. Kwa mwendo wa 80 gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Ukisinzia sekunde nne umekwenda karibu mita 90 bila dereva. Ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambako barabara inapita kwa kilomita zipatazo 50, tembo na nyati hawatakusubiri uamke.

Mwili una saa zake za kuzimika: kati ya saa nane na kumi na moja alfajiri, na tena mchana baada ya chakula. Panga safari ili saa hizo za alfajiri zikukute umelala. Ulaya sheria inamtaka dereva wa lori apumzike dakika 45 kila baada ya saa nne na nusu za kuendesha, na kwa kawaida asiendeshe zaidi ya saa tisa kwa siku. Hapa kwetu jiwekee hiyohiyo iwe sheria yako mwenyewe. Mirungi, ambayo kisheria ni dawa ya kulevya Tanzania, inakuibia usingizi wa leo na kukudai kesho ukiwa mlimani. Vinywaji vya kuongeza nguvu na kahawa vinaahirisha tu. Dawa ya usingizi ni kulala, hata dakika ishirini mahali penye taa na magari mengine.

Mkataba, posho na uzee wako

Mwaka 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchini, na moja ya madai yao makubwa lilikuwa mikataba ya ajira. Usiingie kwenye gari kwa maneno ya simu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi. Inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, inataka siku ya kazi pamoja na saa za ziada isizidi saa 12, na inakupa siku 28 za likizo kwa mwaka. Kabla ya kusaini, pata majibu ya maswali haya:

- Mshahara ni kiasi gani na posho ya safari ni kiasi gani? Je, mshahara unaendelea gari likiwa gereji au likisubiri mzigo?
- Posho inatakiwa kulipia nini: chakula changu na cha utingo, maegesho, pancha?
- Gari likikwama mpakani zaidi ya siku zilizopangwa, kuna nyongeza?
- Mzigo ukipungua au mafuta yasipotosha, hasara inathibitishwaje na inakatwaje? Sheria hairuhusu makato ya namna hiyo yazidi robo ya malipo yako.
- Nimeandikishwa NSSF na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF? Mchango wa WCF unalipwa na mwajiri peke yake, usikubali kukatwa.
- Nikiugua Lubumbashi, nani ananilipia hospitali na nani anakuja kuchukua gari?

Posho igawe kwa siku, isikudanganye kwa ukubwa. Tuseme umepewa shilingi 600,000. Safari ikiisha kwa siku 10, ni 60,000 kwa siku. Ikichukua siku 25 kwa sababu ya foleni, ni 24,000, na humo ndani umekula mara tatu kila siku na kumlisha utingo. Ndiyo maana maswali yale matatu uliyowauliza madereva yana thamani kuliko tangazo la kazi. Na pengo la posho usilizibe kwa kuuza dizeli ya gari. Vijana wengi wamepoteza kazi nzuri kwa dumu moja, na mtu wa umri wako hana miaka ya kuanza upya kwa jina lililochafuka.

NSSF ndiyo sehemu inayomgusa zaidi anayebadili kazi ukubwani. Pensheni ya kila mwezi inahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Ukianza na sifuri ukiwa na miaka 45, utaifikia ukiwa na 60 kama hakuna mwezi hata mmoja uliorukwa. Kama ulichangia kwenye kazi ya zamani, endelea na namba yako ileile, na kama ulikuwa mfuko mwingine, nenda ukaulize jinsi vipindi vyako vinavyounganishwa. Kagua michango yako kila baada ya miezi michache. Mwajiri anayekukata bila kupeleka anakula uzee wako.

Ukiachishwa kazi bila haki, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inapokea malalamiko hayo ndani ya siku 30. Dereva aliyekwenda safari ya mwezi mzima ya mwajiri mwingine akisubiri kurudi ndipo ashtaki, anakuta mlango umefungwa.

Nyumbani, na wewe mwenyewe barabarani

Ndoa iliyozoea kuonana kila jioni itatikisika. Kaeni pamoja kabla, mpange nani anapokea hela, nani anakwenda vikao vya shule, na mtapigiana simu saa ngapi. Simu ipigwe gari likiwa limesimama. Mwenzako akijua hilo hatakasirika usipopokea.

Upweke wa barabarani ni wa kweli, na miji ya mipakani inajua kuuchuma. VVU vimewamaliza madereva wengi wa kizazi kilichotangulia kwenye njia hizihizi. Beba kondomu, pima mara kwa mara, na ujue kwamba dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, hospitali yoyote ya serikali uiulize. Beba jiko dogo, unga, maharage na maji. Chakula cha kupika mwenyewe kinaokoa posho, na kinawakalisha madereva pamoja jioni.

Kiinua mgongo na lori la kwako

Ukiwa umelipwa kiinua mgongo, watu watakushauri ununue Fuso lako uliendeshe mwenyewe. Subiri. Lori la mtumba linaweza kula akiba ya miaka ishirini kwa injini moja na seti moja ya matairi. Endesha la mwenzio kwanza, uandike kila matumizi: mafuta, matairi, oili, gereji, ushuru, siku za kukaa bure. Ukishakuwa na daftari la mwaka mzima utajua kama hesabu inakubali, na utajua aina ya gari ambayo mafundi wa njia yako wanaiweza.

Uangalie pia mbele. TAZARA yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ipo tangu miaka ya 1970, na reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, inaendelea kujengwa kuelekea Mwanza. Treni ikichukua makontena ya masafa marefu, lori litabaki na kazi ya kuyatoa stesheni hadi mlangoni kwa mteja. Dereva anayejua tanki, kichele, lobedi la kubebea mitambo na usambazaji wa mjini hatakosa pa kwenda.

Pa kuanzia

Wiki hii nenda hospitali ukapime macho, sukari na shinikizo la damu, na upitie NSSF uchukue taarifa ya michango yako. Mwezi huu kaa na madereva, kisha tafuta safari moja ya utingo wakati wa likizo yako. Ukirudi bado unaitaka, zungumza na mwenzako, lipa ada ya chuo, na uendelee na kazi uliyonayo mpaka cheti kiwe mkononi. Baada ya hapo kenta, Fuso, na semi kwa wakati wake.

Na itafika asubuhi ambayo fundi atakuambia breki zitakufikisha tu, huku ofisini wanapiga simu kwamba meli imeshusha na mteja anangoja. Zima gari, mpe fundi ufunguo, mwambie azifunge vizuri. Mwajiri akikufukuza kwa hilo, amekuokoa. Akikushukuru, kaa naye.